Wiki ya mwisho ya distrikti: safari ya mkeka wa familia, Fort Worth mpaka magharibi ya Texas

Kabla sijaanza niweke sawa jambo moja, nikisema distrikti simaanishi wilaya ya mkuu wa wilaya na gari lenye bendera, namaanisha kundi la shule za sekondari za huku Texas zinazocheza futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti. Kuna chombo kinaitwa UIL, ofisi zake ziko Austin, kila baada ya miaka miwili mwezi wa pili wanahesabu wanafunzi wa kila shule na kuzipanga upya, kubwa kabisa ni 6A na ndogo kabisa ni 1A, afu kila daraja linakatwa vipande vipande ndo hizo distrikti. Ukimaliza kwenye nafasi nne za juu za distrikti yako unaenda pleiofu, yaani mtoano wa kutafuta bingwa wa jimbo (kwa 1A ni mbili tu), usipomaliza unarudisha jezi stoo, msimu umeisha, basi.

Sasa sisi kwenye familia tuna mkeka. Si wa hela, maana kubeti kwa watoto wa shule huku ni kujitafutia matatizo na hata kama si matatizo ni aibu. Kila mwezi wa nane kabla mechi hazijaanza kila mtu anapanga timu sita za distrikti ya mpwa wangu kuanzia ya kwanza mpaka ya sita, mwisho wa msimu tunahesabu umekosea nafasi ngapi kwa kila timu, tunajumlisha, mwenye makosa mengi ananunua mbuzi. Tuko wanne: mimi, dada'angu, shemeji, na binti yao wa miaka 12. Majina ya shule sitaji, ni watoto wa watu wale, nitaziita kwa rangi za jezi. Wekundu ndo timu ya mpwa.

Jumanne usiku, Fort Worth

Nimechukua likizo ya siku nne kwenye godauni ninapofanya kazi. Gari limeshajaa: unga wa ugali, tui la kopo, viungo vya pilau vya dada, na dumu la mawese la rafiki yangu Mkongo wa Abilene ambaye kanipigia mara tatu kuhakikisha sijalisahau.

Nimekaa mezani na karatasi ya msimamo. Zimebaki mechi za Ijumaa tu. Zambarau kashinda zote nne, Bluu kashinda tatu, Nyeusi mbili, Kijani mbili, Wekundu moja, Machungwa hana kitu maskini. Mkeka wangu wa Agosti mi nilimweka Bluu wa kwanza na Wekundu wa pili, niacheni. Nilisoma gazeti la Dave Campbell's Texas Football, lile lililoanza 1960 kule Waco ambalo watu wa huku wanaliita biblia, linapanga kila distrikti ya jimbo zima timu moja moja na kukwambia wachezaji wangapi wa kwanza wamerudi, nikaona kwotabaki wa Bluu, yule anayepokea mpira na kuurusha, karudi na kwotabaki wa Wekundu karudi nikasema tayari, kazi imeisha. Kosa la mgeni hilo. Nitalieleza mbele.

Jumatano, Fort Worth mpaka Abilene na zaidi

Nimetoka saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya I-20 kuelekea magharibi. Ukishaipita Weatherford nchi inaanza kukauka taratibu, miti inafupika, mbingu inakuwa kubwa. Nikakatiza Strawn kunywa kahawa. Strawn ni kamji kadogo mno, watu hawafiki elfu moja, lakini wamebeba ubingwa wa jimbo kwenye futiboli ya watu sita, na ukifika tu unajua, kila ukuta unakwambia.

Abilene ni mwendo wa kama kilomita 240 kutoka kwangu. Pale kuna Wakongo wengi walioletwa na IRC, shirika la wakimbizi, ukiingia maduka fulani unaweza kuongea Kiswahili kuanzia mlangoni mpaka kaunta. Rafiki yangu alipokea dumu lake kwa mikono miwili kama amekabidhiwa mtoto. Tukala sombe na wali, tukaanza mambo ya mpira, akasema, "Yaya, sisi tulikuwa tunazania mupira ni ya miguu, kumbe huku banaibeba na mikono, banaikimbiza kama bameiba." Nikacheka mpaka nikapaliwa. Afu akaongeza kitu cha maana: "Lakini batoto yetu banabachukua kwa kupiga ile ya kati ya nguzo. Ile tu, mupira ya kweli imebaki pale."

Na ni kweli kabisa, mpwa wangu alionwa hivyo hivyo. Alikuwa anacheza soka lake, kocha wa futiboli akapita, akamwona anapiga kona, akamuuliza unaweza kupiga ukapitisha kati ya nguzo zile? Leo ndo kika wa Wekundu.

Abilene wenyewe wana historia nzito. Abilene High kati ya 1954 na 1957 walicheza mechi 49 bila kupoteza wala kutoka sare, wakachukua ubingwa wa jimbo mara tatu mfululizo, afu wakaja kusimamishwa na Highland Park kwa sare ya 20-20. Hebu fikiria mtabiri wa miaka ile, kazi rahisi kuliko zote duniani, unaandika Abilene unaenda kulala.

Jioni nimefika kwa dada, masaa mengine mawili magharibi, mitambo ya upepo kushoto na kulia mpaka macho yanachoka, na pamba iliyovunwa imefungwa marobota ya duara makubwa kama vibanda, yamezungushiwa plastiki ya njano. Shemeji anaendesha lori la maji kwenye visima vya mafuta. Kanipokea na neno moja: "Mbuzi."

Alhamisi asubuhi, Odessa

Shemeji alikuwa anafuata spea Odessa nikapanda naye. Njiani akanisimulia habari ya 1988, kila mtu wa huku anayo na kila mtu anaisimulia kama alikuwepo. Mwaka ule timu tatu za distrikti moja, Permian ya Odessa na Midland Lee na Midland High, zilimaliza sawa, kila mmoja kamfunga mwenzake kwa mzunguko, na nafasi za pleiofu zilikuwa mbili tu. Makocha watatu wakakutana usiku wa manane kwenye kituo cha malori, kamera za tivii zinaonyesha laivu, wakarusha sarafu. Midland High ikatoka. Msimu mzima wa watoto, jua la Agosti, mazoezi alfajiri, umeishia kwenye sarafu! Permian wakaenda mpaka nusu fainali wakatolewa na Dallas Carter, Carter wakachukua ubingwa, afu baadaye Carter wenyewe wakanyang'anywa kwa kesi ya maksi za mchezaji mmoja.

Hiyo ya maksi ni sheria ya 1984, huku wanasema usipofaulu huchezi. Ripoti ikitoka una somo chini ya 70 unakaa nje si chini ya wiki tatu. Watabiri wengi wanasahau kabisa kitu hiki, wanaangalia nani kaumia goti, hawaangalii nani kaumia aljebra.

Tukapita Ratliff Stadium, uwanja wa shule za pale, unachukua watu zaidi ya 17,000. Wa shule za sekondari jamani. Nikasimama getini nikakumbuka uwanja wa shule yangu Tanga, goli moja lilikuwa na nguzo na lingine lilikuwa na matofali mawili na imani.

Kwenye kurudi ndo shemeji akanifungulia hesabu ya Ijumaa, anaendesha mkono mmoja na mwingine anahesabia vidole, nikamwomba mara mbili ashike usukani. Iko hivi. Wekundu wanacheza na Kijani, Bluu anacheza na Nyeusi. Kama Nyeusi atamfunga Bluu, basi Wekundu akimfunga Kijani hata kwa pointi moja anapita wa nne. Lakini kama Nyeusi atafungwa na Wekundu akashinda, wanakuwa watatu sawa, Nyeusi, Kijani, Wekundu, wote wameshinda mbili wamefungwa tatu, nafasi zilizobaki mbili, na wamefungana mzunguko kama wale wa 1988. Distrikti yetu hawarushi sarafu kwanza, wanatumia tofauti ya pointi kati ya hao watatu, na huwezi kuhesabiwa zaidi ya 15 kwa mechi moja ili watu wasikandamizane bure. Nyeusi alimfunga Wekundu kwa 10. Kijani alimfunga Nyeusi kwa 3. Kwa hiyo Nyeusi ana +7 mfukoni tayari, Kijani ana +3, Wekundu ana -10. Wekundu akishinda kwa 6 anakuwa -4 na Kijani anakuwa -3, Kijani anapita. Akishinda kwa 7 inageuka, Wekundu anapita.

"Saba," akasema shemeji. "Sita ni sawa na kufungwa."

Alhamisi jioni, watu sita

Siku hizi marefa ni wachache kwa hiyo mechi nyingine zinasogezwa Alhamisi, tukaenda na binti kuangalia futiboli ya watu sita kwenye kakijiji fulani. Hii ni ya shule za 1A. Uwanja yadi 80 kwa 40 badala ya 100 kwa 53 na ushee, kwa majaribio manne unatakiwa usogeze mpira yadi 15 badala ya 10, na mpira wa kati ya nguzo ni pointi nne badala ya tatu maana hamna watu wa kutosha kumkinga mpigaji. Na mtu akikuzidi pointi 45 kuanzia mapumziko, mechi inafungwa hapo hapo. Tulikuta hiyo. 52-6 mpaka mapumziko, refa akapuliza, watu wakapeana mikono, mama wa kibanda cha chakula kabaki na sufuria zima la chili, ule mchuzi mzito wa nyama na pilipili, na makatoni ya chipsi za mahindi ambazo zingeuzwa kipindi cha pili. Akatugawia nusu bei.

Tukiwa tunakula kwenye boneti ya gari nikamuuliza binti, maana mkeka wake wa Agosti ulizua ugomvi, alimweka kaka yake wa tano. Wa tano! Dada hakumsemesha siku mbili. Akanijibu huku anajipangusa mdomo: "Anko, mi nilihesabu majina. Wale watano wa mbele wote walikuwa wa mwaka wa mwisho, wote wameondoka. Kwotabaki amerudi, sawa, atasimama nyuma ya nani?"

Ndo kosa langu lenyewe hilo. Gazeti lilikuwa limeandika, nilisoma kwa macho nikaruka, maana jina la kwotabaki linang'aa na majina ya wale mabonge wa ukuta wa mbele hakuna anayeyakumbuka, hawakimbii na mpira, hawapigwi picha. Lakini mechi za kabla ya distrikti zinakudanganya, unacheza na vibonde unajiona bingwa, Wekundu wenyewe walishinda nne kati ya tano, ikifika distrikti mnajuana, kila kocha ana mikanda yako ya miaka miwili, hapo ukuta kama ni wa watoto wa mwaka wa pili unabomoka robo ya nne. Zambarau mabonge wake wanne kati ya watano walirudi. Binti alimweka wa kwanza. Shemeji pia, ila shemeji alimweka Zambarau kwa sababu ana mdeni wake kule.

Ijumaa

Asubuhi shemeji kanipeleka Dairy Queen ya mjini wanakokaa wazee na kahawa. Hawa ndo wachambuzi wenyewe. Mzee mmoja wa kofia yenye nembo ya mbegu za pamba akatuambia mkimbiaji mkubwa wa Kijani amemaliza wiki zake tatu za maksi na leo anarudi. Mwingine akasema hapana, karudi lakini hajafanya mazoezi ya kugongana. Wakabishana dakika ishirini juu ya kijana ambaye hakuna aliyekuwa na undugu naye. Nikauliza upepo je? Wote wakanyamaza wakatazama dirishani kwa pamoja. Kaskazini. Unakuja saa mbili usiku, wakasema, na kweli ulikuja saa mbili na dakika tano.

Jioni ilikuwa usiku wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mzazi anaingia uwanjani na mwanawe kabla ya mechi, jina linatangazwa. Dada kavaa jaketi kubwa la Wekundu na juu yake kajifunga kanga, SUBIRA YAVUTA HERI, uwanja mzima hakuna wa kuisoma ila sisi watatu na mpwa. Mtangazaji akalitafuna jina letu la ukoo vibaya sana. Dada akapunga mkono kama malkia.

Mechi sitaisimulia yote, ukuta wa Wekundu ulihangaika kama kawaida na yule mkimbiaji alikuwa amerudi kweli, ila kwa mkupuo mmoja mmoja tu afu anakaa. Mpwa kapiga fildigoli mbili, ndo ule mpira wa kati ya nguzo wa pointi tatu, ya pili mpira ulipaa ukapinda na upepo ukagonga nguzo kwa ndani ukaanguka upande wa heri, shemeji akanikumbatia kwa nguvu kofia yangu ikaruka na mpaka leo sijaiona. Ikawa 20-17 kwetu, sekunde 41 zimebaki, Wekundu wana mpira yadi ya 12 ya Kijani, jaribio la nne na la mwisho.

Hapo hapo mtangazaji akasoma: mechi imekwisha, Bluu 24, Nyeusi 20.

Watu wengi walishangilia wakidhani ni habari nzuri. Shemeji akakaa chini. Nilimwona mpwa pembeni ya uwanja ameshavaa helmeti, anarusha mguu hewani kupasha, upepo uko mgongoni kwake, yadi 29, anaipiga hiyo akiwa amelala. Kocha akamtazama. Afu akatazama ubao. Afu akamshika bega akamrudisha. Tatu juu ya tatu ni sita.

Wakaenda kutafuta tachidauni, kuuingiza mpira mwisho wa uwanja kwa pointi sita. Kwotabaki akarudi nyuma, ukuta ukashika sekunde moja, mbili, ukaachia upande wa kulia, akarusha mpira huku anaanguka, ukadunda miguuni mwa mtu. Mpira wa Kijani.

Na Kijani, waliofungwa kwa tatu, wakafanya kitu sijawahi kuona maishani, kwotabaki wao akapokea mpira akapiga goti kuua muda, maana kufungwa kwa tatu kulimtosha kupita. Muda ukaisha. Waliofungwa wanarukaruka wanamwagiana maji, walioshinda wamesimama na helmeti mkononi, bendi yetu wala haijui, wanapiga wimbo wa ushindi kwa nguvu zote, na mama mmoja nyuma yangu anauliza jamani si tumeshinda? Si tumeshinda?

Nilimkuta mpwa nje ya chumba cha kubadilishia. Nikaanza zile pole za mjomba, nikamwambia wangekupa wewe ungeipiga. Akasema, "Ningeipiga, anko. Ingekuwa sita." Akaenda kumtafuta mama yake.

Jumamosi

Zambarau alimchapa Machungwa, hakuna aliyeuliza ngapi. Msimamo umefunga: Zambarau, Bluu, Nyeusi, Kijani, Wekundu, Machungwa. Asubuhi tukakaa na chai na mandazi tukahesabu mikeka. Binti makosa mawili tu, na anatuangalia kwa huruma. Shemeji manne. Mimi manane. Dada, ambaye alimweka mwanawe wa kwanza bila hata kufungua gazeti na angemweka tena leo, manane.

Kukawa kimya. Binti akasema tofauti ya pointi hatuna, itabidi sarafu. Shemeji akaenda chumbani akarudi na shilingi mia mbili ya nyumbani, ile ya Karume upande mmoja na simba upande wa pili, akaniambia chagua wewe mgeni.

Sasa mi ni Yanga tangu tumboni, naanzaje kutamka lile jina lingine mezani kwa dada'angu? Nikasema Karume. Sarafu ikapanda, ikagonga sahani ya mandazi, ikazunguka zunguka juu ya kitambaa, binti akaifunika na kiganja, akachungulia peke yake kwanza, akaanza kucheka.

Mbuzi wa huku, kwa mnaotaka kujua, ukinunua mzima kwa mfugaji ni bei ya matairi mawili ya gari. Nimeshalipa.